Shingo Upande

Mtu akikubali jambo huku moyo hautaki, tunasema amelikubali shingo upande. Nimetumia msemo huo tangu shule ya msingi bila kuwaza kwamba kuna shingo yoyote ndani yake. Halafu nikazaa mtoto ambaye shingo yake ilikuwa upande kwelikweli, na ikanichukua wiki kumi kujua.

Nikitazama picha za siku zake za kwanza sasa, naona wazi. Katika kila picha sikio lake la kushoto limeinamia bega la kushoto na uso umegeukia kulia. Nilidhani anapenda dirisha. Chumba chetu hapa Kisauni kina dirisha moja, na kitanda kimekaa hivi kwamba ukimlaza chali dirisha linakuwa kulia kwake. Titi la kushoto alinyonya vizuri, la kulia akalipigia kelele mpaka majirani wakajua ratiba yetu. “Ana maringo huyo,” jirani mmoja akasema, nami nikacheka. Nilifurahi kidogo, manake maringo ni dalili ya akili.

Kisha jioni moja nikimwogesha kwenye beseni nikapitisha kiganja nyuma ya kichwa. Upande wa kushoto ulikuwa mviringo. Wa kulia ulikuwa bapa, kama mtu ameupiga pasi. Nikamgeuza nikamtazama kutoka juu, vile unavyotazama nazi kabla ya kuinunua, nikaona hata masikio hayako sawa: la kulia limesogea mbele kuliko la kushoto.

Kwenye kliniki nilikuwa tayari nimeuliza, siku ya chanjo ya wiki sita. Nikaambiwa atakua, vichwa vya watoto ndivyo vilivyo, aliyefuata aingie. Wiki ya kumi nilimpata sista mwingine. Huyu alimlaza mezani, akajaribu kumgeuza uso kushoto, mtoto akalia, akajaribu tena polepole. Akaniandikia karatasi niende fiziotherapia.

Mtaalamu wa huko alinishika kidole akakiweka kwenye shingo ya mwanangu. Kuna msuli unaotoka nyuma ya sikio ukashuka hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kifua. Kila mtu anao wawili, mmoja kila upande. Wa kushoto wa binti yangu ulikuwa mfupi na mgumu, kama kamba ya nguo iliyokazwa. Msuli huo ukikaza, kichwa kinainamia upande wake na kidevu kinaelekea upande wa pili. Kwa hiyo mtoto hakuwa anapenda dirisha. Hakuwa na njia nyingine ya kutazama. Na kwa sababu analala chali, jinsi tulivyofundishwa sote, uzito wote wa kichwa ulikuwa unakaa mahali pamoja usiku na mchana, kwenye fuvu ambalo bado ni laini. Kwanza hakikisha, akasema, kwamba mishono ya fuvu haijajifunga mapema, manake hiyo ni kesi nyingine na inaweza kuhitaji upasuaji. Akapapasa, akaridhika. Halafu akanifundisha mazoezi.

Kila nikimbadilisha nepi: mshike bega, geuza kidevu polepole hadi bega la kushoto, shikilia. Kisha inamisha sikio la kulia kuelekea bega la kulia, shikilia. Akiwa macho, na wewe ukiwa hapo, mlaze kwa tumbo ainue kichwa. Vitu vya kuvutia viwe kushoto. Geuza kitandani, miguu ije kwenye mto na kichwa kiende miguuni, ili dirisha lihame. Lakini usiku, chali. Hilo alilirudia mara mbili.

Siku ya tatu ya mazoezi mamangu alifika kutoka Msambweni na mfuko wa maembe. Alimtazama mjukuu wake akilia huku nimemshika kidevu, akasema, “Mwanangu, kwani unamfanyia nini huyu?” Nikamweleza. Akamchukua, akampakata, akapapasa kisogo kwa vidole vyake vya mama aliyezaa watano. Akasema mambo hayo yote ni ya nini. Mlaze kifudifudi alale. Kichwa kitajaa chenyewe. Ninyi nyote niliwalaza kifudifudi, na muone mna vichwa vya kupendeza.

Alisema kweli. Mimi na ndugu zangu tuna kogo za kutosha. Shuleni tulitaniwa kwazo. Na mchana ule, mama alipokwenda sokoni, nilimlaza kifudifudi kweli. Alilala saa mbili, usingizi mzito ambao sikuwa nimeuona tangu azaliwe, bila kushtuka, bila kurusha mikono. Nami nilikaa saa mbili kando yake nikihesabu mbavu zinavyopanda na kushuka. Sikupika wala sikuandika. Alipoamka nilikuwa nimelowa jasho.

Mimi nikiogopa husoma. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma, lakini nikabaki na ujuzi wa kutafuta maandishi, na kwa muda nimejilisha kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao. Nimeandika kuhusu madaraja, kuhusu wauguzi, kuhusu falsafa, majina ya wengine juu ya ukurasa. Usiku ule nilifungua kompyuta nikatafuta kwa ajili yangu mwenyewe. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza kuogopa kichwa bapa.

Shingo ilitangulia. Madaktari wanauita ugonjwa huu kwa Kilatini, maneno mawili yaliyounganishwa: iliyopotoka, na shingo. Kiswahili kingeweza kuwapa jina bila taabu. Plutarko, akiandika maisha ya Aleksanda Mkuu, anasema mchongaji Lysippus ndiye aliyeweza kuionyesha ile namna ya mfalme ya kuinamisha shingo kidogo upande wa kushoto. Watu wamebishana tangu zamani kama ilikuwa tabia au ugonjwa. Mimi nilipenda tu kwamba ilikuwa kushoto, na kwamba haikumzuia kufika India.

Kwa wasiokuwa wafalme tiba ilikuwa kisu. Nicolaes Tulp, yule daktari wa Amsterdam ambaye Rembrandt alimchora mwaka 1632 akifundisha juu ya maiti, alichapisha mwaka 1641 kitabu cha visa alivyoviona, na kimojawapo ni cha shingo iliyonyooshwa kwa kukata. Ni kabla ya dawa ya ganzi. Sikutaka kusoma zaidi ya hapo, nikaruka miaka mia moja.

Mwaka 1741 daktari Mfaransa, Nicolas Andry, alichapisha kitabu kwa wazazi kuhusu jinsi ya kuzuia na kurekebisha kasoro za miili ya watoto. Alihitaji jina, akaliunda kutoka maneno mawili ya Kigiriki, nyoofu na mtoto. Ndilo jina la idara yote ya mifupa hospitalini mpaka leo; hata mzee wa miaka themanini aliyevunjika nyonga anapelekwa idara ya mtoto aliyenyooka. Ndani ya kitabu mna picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye kigingi kilichosimama wima. Madaktari wa mifupa duniani wameifanya nembo yao. Nilipoiona nilisikia sauti ya mamangu: samaki mkunje angali mbichi. Lakini pia nilimwona mwanangu akilia kwenye shuka, na mimi ndiye kigingi.

Vichwa ni hadithi nyingine, na ni hadithi ndefu zaidi, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya historia watu hawakuogopa kichwa chenye umbo lisilo la kawaida. Walikitengeneza. Katika maandishi ya Kigiriki yanayobeba jina la Hippokrate, yale yanayohusu hewa, maji na mahali, kuna watu walioitwa Wenye Vichwa Virefu, ambao waliwakanda watoto vichwa kwa mikono na kuvifunga vitambaa wakiwa wachanga, kwa kuwa kwao kichwa kirefu kilikuwa cha heshima. Ufaransa kwenyewe, eneo la Toulouse, watoto walifungwa utepe kichwani kizazi baada ya kizazi, na desturi hiyo ilikuwa bado hai katika karne ya 19, wakati Wafaransa wengine walikuwa wakisafiri mbali kwenda kushangaa vichwa vya watu.

Mbali huko ni pamoja na karibu na sisi. Kaskazini-mashariki mwa Kongo, Wamangbetu walivifunga vichwa vya watoto wa tabaka la juu kwa kamba laini mpaka fuvu likarefuka kwenda nyuma, na juu yake wanawake wakasuka nywele zikaishia kama taji. Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme wao Mbunza mwaka 1870 akarudi Ulaya na michoro. Kisha kampuni ya magari ya Citroën ilipotuma msafara wake kuvuka Afrika, miaka ya 1924 na 1925, mchoraji Alexandre Iacovleff alimchora mke wa chifu aliyeitwa Nobosodru, na kichwa chake kikaenea Ulaya kwenye mabango na kwa wachongaji, hata kikawa pambo la magari. Nimeitazama picha yake mara nyingi. Hakuna anayeeleza aliwaza nini siku ile. Uso umegeuka upande, tunaona upande mmoja tu, shingo imenyooka kabisa. Desturi yenyewe ilififia kufikia katikati ya karne iliyopita, wakati wa utawala wa Wabelgiji.

Lakini walionisimamisha ni Wachinook, wa mto Columbia, upande wa magharibi wa Marekani. Wao waliufunga ubao kwenye paji la uso la mtoto aliyelala kwenye kitanda chake cha mti, mpaka kichwa kikawa bapa kutoka nyusi hadi utosini. Kichwa bapa kilikuwa alama ya mtu huru. Watumwa wao, kwa kawaida watu waliotekwa au kununuliwa kutoka kwingine, ndio waliokuwa na vichwa vya mviringo. Yaani huko, kwa lugha yetu ya pwani, kichwa bapa kilikuwa uungwana wenyewe, na mama wa Kichinook angemwona mtoto wangu akasema umeanza vizuri, mbona umeishia upande mmoja?

Na sisi? Sisi tunakanda. Sijaona nyumba ya mtoto mchanga hapa mtaani ambamo nyanya fulani hajapitisha kiganja chenye mafuta ya nazi juu ya kichwa na kubana pua ili isimame. Mamangu alimfanyia mwanangu hivyo wiki ya kwanza, nami nikamwachia, kwa sababu mkono wake ni mwepesi na mtoto alikuwa anafurahia. Tofauti ya mkono wa nyanya na ubao wa Kichinook ni muda tu. Ubao hauchoki. Godoro nalo halichoki.

Hapa ndipo nilipofika kwenye sehemu ambayo imenifanya niandike.

Mwaka 1946 daktari wa watoto wa Marekani, Benjamin Spock, alitoa kitabu cha malezi ambacho kiliuzwa nakala mamilioni kwa mamilioni, kikatafsiriwa, kikawa kama msaafu wa akina mama wa nchi nzima. Alikuwa mtu mpole. Aliwaambia akina mama kwamba wanajua zaidi ya wanavyofikiri. Katika matoleo ya kuanzia miaka ya 1950 alishauri mtoto alazwe kifudifudi, akatoa sababu mbili. Ya kwanza, akilala chali akatapika anaweza kupaliwa. Ya pili, mtoto wa kulala chali huelekea kugeuzia kichwa upande uleule kila siku, na upande huo ukawa bapa.

Niliisoma sababu ya pili mara tatu. Alikuwa anamzungumzia mwanangu.

Si Spock peke yake. Vitabu vya malezi vilianza kusema hivyo miaka ya 1940 na vingine viliendelea hadi 1988, na hospitali zikafuata, na wauguzi waliofunzwa kwa vitabu hivyo wakafundisha wengine. Hakuna aliyekuwa amepima. Ilionekana ni akili tu. Wakati huohuo watoto walikuwa wanakufa usingizini, wazima jioni, baridi asubuhi, na hapakuwa na jibu. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Ruth Gilbert walirudi wakakusanya tafiti zote za zamani kwa mpangilio wa miaka na kuuliza: ni lini tungeweza kujua? Jibu lao ni 1970. Kufikia mwaka huo ushahidi uliokuwa tayari umechapishwa ulitosha kuonyesha kwamba kulala kifudifudi kunaongeza hatari. Lakini ulikuwa umetawanyika na hakuna aliyeujumlisha. Wakakadiria kwamba kama ungejumlishwa na kufuatwa, watoto wapatao 10,000 Uingereza, na wasiopungua 50,000 kwingine Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, wasingekufa.

Afrika haimo kwenye hesabu hiyo.

Mambo yalipogeuka yaligeuka haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tafiti za New Zealand na Uingereza zilifanya takwimu zisiweze kupuuzwa. Uingereza ilianza kampeni yake mwaka 1991, na sura yake ilikuwa Anne Diamond, mtangazaji wa televisheni aliyempoteza mwanawe Sebastian mwaka huohuo na akakataa kunyamaza. Madaktari wa watoto wa Marekani walibadilisha ushauri wao mwaka 1992, na kampeni ya taifa ikafuata mwaka 1994. Ujumbe ulikuwa mfupi kuliko tangazo la sabuni: mlaze chali. Marekani vifo vya aina hiyo vilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Ni dawa gani nyingine imewahi kufanya hivyo bure?

Na kabla ya miaka ya 1990 kwisha, madaktari wa upasuaji wa vichwa huko Marekani wakaanza kuandika kwamba kliniki zao zinajaa watoto wenye vichwa bapa. Baadhi ya wazazi waliogopa mishono ya fuvu imejifunga, na mwanzoni hata wapo watoto waliofanyiwa upasuaji ambao hawakuuhitaji. Spock alikuwa amesema kweli kuhusu kichwa. Alikosea tu bei yake.

Penye hofu hapakosi bidhaa. Helmeti ya kurekebisha kichwa ilielezwa na daktari wa Seattle, Sterling Clarren, mwaka 1979, na baada ya kampeni ya kulala chali ikawa biashara kamili. Nimeziona mtandaoni, zimechorwa maua na magari, bei yake ni maelfu ya dola, kodi yangu ya miaka kadhaa. Kuna usiku nilihesabu ni kazi ngapi za wanafunzi ningehitaji kuandika ili ninunue moja. Kisha nikapata utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2014, uliowagawa watoto 84 wa miezi mitano hadi sita kwa kura: nusu wakavaa helmeti saa 23 kwa siku kwa miezi sita, nusu wakaachwa wakue. Walipofika miaka miwili, waliopona kabisa walikuwa asilimia 26 upande wa helmeti na asilimia 23 upande wa wasiovaa. Tofauti hiyo si kitu. Wazazi wote wa helmeti waliripoti madhara: ngozi kuwasha, jasho, harufu, kushindwa kumkumbatia mtoto vizuri. Niliruka kwa furaha, halafu nikasoma maandishi madogo. Watoto wenye shingo kama ya mwanangu hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Kwao msuli ndio chanzo, na msuli hautibiwi kwa kofia. Nikafunga ukurasa wa helmeti, nikarudi kwenye kidevu na bega.

Hadi hapa ningeweza kuiandika makala hii kwa jina la mwanafunzi yeyote wa ng'ambo. Yafuatayo ni ya kwetu.

Kabla yangu kulikuwa na kaka. Mama amezaa watano na sisi tuko wanne. Nilijua hilo jinsi mtoto anavyojua mambo ya nyumbani, bila kuambiwa. Alizaliwa mwaka 1994, akafa hajamaliza miezi mitatu. Alilala, hakuamka. Upande wa baba walisema mama alimlalia. Hakuna aliyelisema barazani, lakini lilisemwa jikoni, kwenye harusi, na siku nilipozaliwa mwaka 1998, shangazi mmoja alihamia kwetu wiki sita kuhakikisha mama halali nami kitanda kimoja. Ni shitaka la kale. Kisa maarufu cha Mfalme Suleimani na wanawake wawili kinaanzia hapo hapo, na mwanamke aliyemlalia mwanawe usiku. Ulaya wanawake waliadhibiwa kwa hilo na kanisa kwa karne nyingi. Mtoto akifa usiku, wa kwanza kutazamwa ni mama.

Lakini mama hakumlalia. Hilo analijua yeye. Kaka alikuwa na kitanda chake cha mbao ambacho babu alikichonga, na alilazwa kifudifudi, kwa sababu muuguzi pale alipojifungulia alimwambia: kifudifudi, asipaliwe. Mama alimweka alivyoambiwa, kila usiku, kwa uangalifu. Nilimwuliza siku mbili baada ya maembe, nikijifanya nauliza tu. Alinieleza huku akimenya vitunguu. Alisema alikuwa mama wa kwanza kwenye ukoo wao kumtengea mtoto kitanda chake, na alijivunia.

Mwaka 1994. Mwaka uleule Marekani inabandika mabango ya kulala chali.

Siwezi kusema kwamba kulala kifudifudi ndiko kulikomuua kaka yangu. Watoto hufa usingizini hata wakilazwa chali, na hakuna aliyemchunguza. Alizikwa kabla ya adhuhuri. Takwimu zinazungumza kuhusu maelfu, hazimzungumzii mmoja. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekaa saa mbili nikihesabu mbavu, na nilielewa kitu ambacho mamangu hakukielewa kuhusu ushauri wake, na sikujua nikipeleke wapi. Nikimwambia kwa nini simlazi mjukuu wake kifudifudi, nitakuwa nimemwambia habari ya kitanda cha mbao. Miaka thelathini amelibeba shitaka la kumlalia mwanawe, na amelibeba akijua ni uongo. Sasa mimi nimletee jingine, lenye marejeo?

Kwa hiyo nikadanganya. Nilisema daktari amekataza kwa sababu ya shingo. Mama akaguna, akakubali shingo upande.

Mazoezi tukayagawana. Yeye alikuwa na njia yake ambayo haikuwa kwenye karatasi ya hospitali. Badala ya kumshika mtoto kidevu, alimfunga mgongoni kwa leso, na akamwekea shavu la kulia juu ya mgongo wake, uso kushoto, akaanza kufagia na kuimba. Mtoto alitaka kuona kuku, na kuku walikuwa kushoto. Alinyonya la kulia akiwa ameshikwa chini ya kwapa kama mkoba, miguu nyuma, mbinu ambayo mtaalamu alinifundisha na mama akasema wanawake wa kwao waliijua tangu zamani. Sina njia ya kulithibitisha hilo. Mgongoni hakuna godoro, kisogo kiko hewani, na nadhani hii ndiyo sababu sikupata mtu wa rika la mama aliyewahi kusikia habari ya kichwa bapa kama tatizo. Siku hizi tunawaweka chini zaidi. Mimi mwenyewe nilimweka chini ili niandike.

Kufikia miezi mitano aligeuka kushoto bila kulia. Siku ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya paka. Kisogo bado ni bapa kidogo upande wa kulia, na masikio bado hayajapatana, ingawa ukiwa hujui huwezi kuona. Mtaalamu anasema fuvu litaendelea kujaza kadiri anavyokaa na kutambaa, na nywele zitamaliza kazi iliyobaki.

Makala hii ingekuwa rahisi kuificha kama ningeiandika kwa Kiingereza. Mama hasomi Kiingereza. Lakini alishaniuliza mara kadhaa naandika nini usiku, na mimi nimechoka kuandika kwa majina ya watu. Wiki iliyopita nilikwenda Msambweni na mtoto. Mama alimpokea, akampapasa kisogo kwanza kabla ya kumbusu, akasema kinajaa. Jioni, mtoto alipolala, chali, tuko wawili kwenye mkeka, nilimsomea yote kutoka kwenye simu, pamoja na sehemu ya Spock, na sehemu ya 1970, na ya kitanda. Nilisoma haraka hapo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa muda mrefu akikunja na kukunjua ncha ya leso. Nilijuta. Nikamwambia, mama, ukisema nisiipeleke siipeleki.

Akaniuliza yule muuguzi naye alikuwa amesoma kitabu hicho.

Nikasema labda alifundishwa na mtu aliyekisoma.

“Alikuwa mtu mzuri,” akasema. “Alinishika mkono usiku kucha.” Kisha akaniambia umesahau kuandika kwamba kaka yako alikuwa na kichwa kizuri. Andika hilo. Kila aliyekuja kumtazama alikisema kichwa chake.

Akainuka akaenda kumwangalia mtoto. Nikamsikia akisogeza mto mbali na uso wake, kisha akakigeuza kichwa chake polepole, kushoto.